Babu alijua kuendesha lori tangu vita vya Bama (Burma), vita ya pili ya dunia. Kwa nini alirudi kuchuma kahawa ya setla?

#1 Mjukuu wa Kibosho

Wakuu habari za leo, na shikamoo kwa wanaostahili.

Babu yangu mzaa mama alifariki 1994. Miaka yote niliyomjua alikuwa kibarua wa shamba la kahawa Kibosho ya chini. Alichuma kwa debe, akakata matawi, akapuliza mrututu hadi shati likawa la kijani. Shamba lilikuwa la Mgiriki. Serikali ikalitaifisha 1973, lakini mpaka leo watu wanaita "kwa Mgiriki". Babu aliishi kwenye laini za wafanyakazi, chumba kimoja na jiko la nje.

Wiki iliyopita tulikuwa tunahamisha sanduku la bati la marehemu bibi. Chini kabisa kulikuwa na kopo la Blue Band, na ndani yake nyota ya shaba yenye taji katikati na maneno Burma Star, medali ya duara yenye simba, na karatasi iliyoliwa na mchwa. Kwenye karatasi zinasomeka herufi tano tu: EAASC. Nyota haina jina.

Tulijua kwa juujuu kwamba alikuwa Keya, yaani askari wa Mwingereza, lakini hakuwahi kutusimulia. Kuna siku moja tu. Ilikuwa masika ya 1984, nina miaka 9. Bedford, lori la shamba, imekwama kwenye kijito, udongo mwekundu umemeza magurudumu ya nyuma, na dereva anakanyaga mafuta tu, gari inazidi kuzama. Babu alikuwa anapita na panga lake. Akawaambia vijana wakate magogo na migomba walaze nyuma ya magurudumu, wapange kwa kupishana. Sisi watoto akatupandisha kwenye kingo, akatuhesabu. Kisha akamwambia dereva shuka. Mzee wa zaidi ya miaka 60, ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata kwenye baiskeli, akapanda, akaweka gia ya nyuma, akaitoa ile lori taratibu kama anayetoa mtoto usingizini. Akazima, akashuka, akachukua panga lake akaenda zake. Dereva alimfuata akimwita "mzee, mzee!" Hakugeuka.

Swali langu: mtu mwenye ufundi ule, mwaka 1946 ambapo madereva Waafrika walikuwa wa kuhesabu, anarudije kuchuma buni kwa debe maisha yake yote? Nawasilisha.

#2 Chui wa Ngarenaro

Natia kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Fundi Saa

Mleta mada, asante kwa uzi. Hizo herufi tano zinasema mengi. EAASC ni kikosi cha usafirishaji na ugavi cha jeshi la Afrika Mashariki. Hao ndio waliobeba risasi, maji, chakula na majeruhi. Kwa hiyo watu wakisema "Keya" wanachanganya. Keya halisi ni wale wa bunduki, batalioni za King's African Rifles, lakini mtaani kila aliyevaa sare ya Mwingereza aliitwa Keya.

Bama waliyopigana watu wetu zaidi ni ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru begani. Katikati ya 1944 waliingia bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani kuelekea kusini, wakati wa mvua kubwa kuliko masika yoyote tunayoijua huku Kilimanjaro. Barabara ilikuwa tope tupu. Walikata miti wakaipanga juu ya tope ili malori yapite, na penye kushindikana kabisa chakula kilidondoshwa na ndege kwa miavuli. Desemba 1944 walifika Kalewa, likajengwa daraja la kuunga juu ya mto Chindwin, zaidi ya futi 1,100. Wakati ule halikuwepo refu zaidi la aina yake.

Sasa rudi kwenye kijito chako cha 1984. Magogo na migomba, kwa kupishana. Mzee alikuwa anafanya alichokifanya Kabaw.

#4 Mjukuu wa Kibosho

Mkuu Fundi Saa umenisisimua mwili. Nimemsomea mama, amekaa kimya kama dakika tano.

#5 Mwalimu Mstaafu

Niwe mkweli bila kumvunjia marehemu heshima. Medali haina jina, inaweza kuwa ya mtu mwingine. Vitu hivi viliuzwa, vilichezewa kamari, viliwekwa rehani dukani.

Na jambo la pili, wengi hawalijui. Wakati wa vita ya Hitla serikali ilikamata watu kwa nguvu kwenda mashambani, si vitani. Mjapani alipochukua Ufilipino na visiwa vya Mdachi mwaka 1942, Mwingereza alipoteza katani ya huko, ikabaki ya Tanganyika. Watu wakapelekwa mkonge kwa amri, wengine pareto na mpira. Nimekutana na wazee wanaosema "nilichukuliwa vitani" na ukiwahoji vizuri walikuwa kwenye mkonge. Kwao ilikuwa ni vita ileile, amri ileile. Je, kama babu yako alikuwa mmoja wao?

#6 Fundi Saa

Mwalimu, heshima yako, la watu kukamatwa kwenda mkonge ni kweli tupu. Lakini la jina hapana. Medali za vita ya KWANZA ndizo zilizochongwa jina na namba ukingoni. Nyota za vita ya pili Mwingereza alizitoa bila jina, hata kwa askari wake mwenyewe wa London. Hiyo ya simba ni medali ya vita ya 1939–45, simba amemkanyaga joka lenye vichwa viwili. Waliopata Burma Star wengi walipata na nyota nyingine, ya 1939–45. Mleta mada angalieni vizuri kwenye sanduku, inawezekana kuna ya tatu.

#7 Mwalimu Mstaafu

Nimekubali la jina. Nimefundisha historia miaka 31, leo nimejifunza.

#8 Kihamba Changu

Mnakwenda mbali mpaka Bama wakati jibu liko Kibosho. Mleta mada, babu alikuwa mtoto wa ngapi?

Nauliza kwa sababu kwa mila yetu Wachaga kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, anabaki nacho kitinda mimba, mtoto wa kwanza anatafutiwa chake, na wa katikati wanajijua wenyewe. Ndio maana wa katikati wengi walikwenda Keya, misheni, au kwa setla. Ukirudi 1946 una sare na biskuti za jeshi lakini huna hata mgomba mmoja, unakwenda wapi? Laini za shamba zinakupa chumba na posho. Babu yangu mdogo ilikuwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba yeye hakwenda Bama, alikwenda Bukini (Madagaska) 1942.

#9 Mjukuu wa Kibosho

Wa pili kati ya wanne wa kiume. Mkuu umegusa penyewe. Mdogo wake wa mwisho ndiye alibaki na kihamba, na hawakuwa wanatembeleana. Sisi tulidhani ni ugomvi wa mbege tu.

Lakini bado hujanijibu la udereva. Asiye na kihamba ndiye angekimbilia usukani.

#10 Usukani Arusha

Hapo ndipo na mimi pananishika. Baba yangu alikuwa EAASC, alijifunzia gari jeshini. Aliporudi hakukaa hata miezi. Mwaka 1947 Mwingereza alianzisha mradi wa karanga Kongwa na alikuwa anawatafuta hasa vijana waliotoka jeshini, wanaojua gari na amri. Baba alikwenda, mradi ulipokufa 1951 akaja Arusha akaendesha malori ya mahindi mpaka anastaafu. Mimi mwenyewe nimekuwa dereva miaka 26 kwa sababu yake.

Kwa hiyo kazi zilikuwepo. Babu yako aliamua kutoendesha. Na mtu anayetoa lori kwenye tope kwa gia ya nyuma baada ya miaka karibu 40 hajasahau. Nimetoa malori kwenye tope Ngorongoro, najua. Mguu ndio unaokumbuka.

#11 Kijana wa Poli

Wachaga msijione peke yenu, hahaha. Huku Meru babu zetu walirudi Bama wakakuta mabaya zaidi. Mjomba wa baba alirudi, akajenga Ngare Nanyuki, akafuga. Novemba 1951 wakaja kubomoa na kuchoma nyumba ili ardhi wapewe masetla. Watu kama 3,000 waliondolewa. Yule mzee alikuwa anasema alimpigania Mfalme Joji halafu watu wa Mfalme Joji wakachoma zizi lake. Akaishia kuchunga ng'ombe wa setla kwenye ardhi ileile. Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa 1954 kushitaki.

Nadhani babu yako alirudi kwa Mgiriki kwa sababu hakukuwa na kwingine. Ardhi yote nzuri kuanzia Usa River mpaka Sanya ilishakwenda.

#12 Mwalimu Mstaafu

Kijana wa Poli, Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa 1952, hiyo 1954 ni mwaka wa kuanzishwa TANU. Na aliyeishughulikia kesi ile kisheria ni wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa na ofisi hapa hapa Moshi. Nimerudisha deni langu la #6.

#13 Kijana wa Poli

Hahaha, asante mwalimu, nimepigwa fimbo ya upendo.

#14 Mama Wawili Sakina

Samahani wakuu, mimi naomba kuuliza la pesa. Hawa wazee si walikuwa na pensheni? Kuna watu walizunguka mtaani kwetu miaka ya nyuma wakikusanya majina ya wajukuu wa Keya, wakachukua na hela ya fomu. Hatukuwaona tena.

#15 Fundi Saa

Mama Wawili, pole sana, na tafadhali usitoe tena hela ya fomu. Wengi walioingia kwa ajili ya vita tu hawakuwa na pensheni, isipokuwa waliojeruhiwa. Walipewa malipo ya kuagwa mara moja, na kiwango kilipangwa kwa muda, cheo na rangi. Askari Mzungu wa makoloni haya haya alipewa mara kadhaa ya alichopewa Mwafrika wa cheo kilekile. Hii imeandikwa kwenye nyaraka za wakati ule, si maneno ya kijiweni. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza fungu la kuwasaidia wazee waliokuwa bado hai na wenye dhiki. Waliokuwa hai, si wajukuu.

Mleta mada, malipo hayo ya kuagwa ndiyo wengi walinunulia mabati, ng'ombe, au walilipia mahari.

#16 Nahodha wa Nchi Kavu

Mimi naona mnaacha la baharini. Kuna meli iliyozama na Keya wengi ikitoka Mombasa kwenda Seloni (Sri Lanka). Huenda babu alinusurika, ndiyo akaapa kutogusa tena chombo chochote chenye injini. Halafu wenzake wakaendelea wakaiteka Rangoon.

#17 Fundi Saa

Mkuu Nahodha, meli ni Khedive Ismail. Ilipigwa na nyambizi ya Kijapani Februari 12, 1944 karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache, wakafa watu karibu 1,300. Lakini kundi kubwa la Waafrika waliokuwemo lilikuwa la mizinga, Rejimenti ya 301, si wa malori. Siwezi kusema haiwezekani, nasema uwezekano ni mdogo.

La Rangoon hapana. Divisheni ya 11 ilirudishwa India kupumzika mwanzoni mwa 1945, Rangoon ikachukuliwa Mei na wengine. Walikuwepo pia brigedi mbili za Afrika Mashariki zilizojitegemea, moja Arakan, moja mto Irrawaddy.

#18 Nahodha wa Nchi Kavu

Nimeelewa. Rangoon nimeifuta.

#19 Mgambo wa 78

Uzi umenitoa machozi. Mimi si wa Bama, ni wa Kagera. Nilikuwa kibarua shamba moja la kahawa Arusha, sitalitaja. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipotangaza vita, mgambo tulichukuliwa. Nilikuwa na miaka 22. Tulipigana Lukaya, tukaingia Kampala Aprili 1979. Niliporudi niliambiwa nafasi yangu imejazwa, nianze upya kama kibarua mpya. Nikaanza upya. Nilichuma kahawa na wenzangu ambao hawakujua Masaka iko wapi.

Mjukuu, nikuambie jambo. Watu wanauliza kwa nini ulirudi shambani. Shambani kuna kimya. Mbuni haukuulizi. Unafika saa moja asubuhi, umande, unashika tawi, unavuta buni nyekundu, unaacha kijani, debe linajaa. Mikono inafanya kazi, kichwa kinapumzika. Nilipewa nafasi ya ulinzi na kofia, nikakataa. Mke wangu alinishangaa kama unavyomshangaa babu yako.

#20 Chui wa Ngarenaro

Mzee shikamoo. Nimesoma mara tatu.

#21 Kihamba Changu

Shikamoo mzee wetu. Wakati mko Lukaya sisi Moshi tuliwapokea wanasiasa wa Uganda kwenye ule mkutano wa Machi 1979 uliomchagua Lule kuwa kiongozi wao. Baba alisema ndizi ziliadimika sokoni Kiboriloni wiki nzima.

#22 Usukani Arusha

Ndizi Kiboriloni ziadimike? Hapo umetia chumvi mkuu.

#23 Kihamba Changu

Namnukuu marehemu, mniache.

#24 Mjukuu wa Kibosho

Nirudi kwenye mada. Mzee wa #19, nimemsomea mama ujumbe wako, amesema "ndivyo alivyokuwa". Babu alikataa unyapara mara mbili, la kwanza enzi za Mgiriki, la pili baada ya kutaifishwa.

Nimembana mama na mengine. Bibi yangu alikuwa Mnyaturu, binti wa manamba aliyeletwa na mkataba kutoka Singida. Alizaliwa kwenye laini zile zile. Babu alimwona kabla ya vita, wakati shamba bado la Mjerumani, kabla Wajerumani hawajakusanywa na kufungiwa 1939. Aliporudi 1946 akamkuta yupo, akatoa mahari kwa ile pesa ya kuagwa. Baba wa babu hakutaka mwanamke wa laini. Kwa hiyo Kihamba Changu, hata kama angekuwa kitinda mimba nadhani asingepata.

Kuhusu medali ya tatu: mama anakumbuka kulikuwa na "nyota mbili", wakiwa wadogo walizifunga kwenye kamba wakacheza nazo. Moja ilipotelea mfereji.

#25 Mama Wawili Sakina

Si niliwaza! Mnamtafuta mwanaume kwenye vita na kwenye gari, hakuna hata mmoja aliyeuliza mwanamke alikuwa wapi. Alirudi kwa mtu wake. Udereva wa Kongwa ungemwacha mke kwenye laini.

#26 Usukani Arusha

Mama, baba yangu alimchukua mama yangu Kongwa. Wengi walihama na wake zao. Mapenzi nayakubali, lakini hayamzuii mtu kushika usukani hapo hapo shambani. Mgiriki alikuwa na lori, si ndiyo? Na dereva wake alikuwa nani?

#27 Mjukuu wa Kibosho

Mama anasema madereva walikuwa wakibadilika kila mara na shida ya dereva haikuisha.

#28 Nesi Mawenzi

Nimefuatilia kimya tangu jana. Mleta mada, kwenye #1 kuna sentensi wote mmeiruka. Uliandika "akatupandisha kwenye kingo, akatuhesabu". Kwa nini aliwahesabu?

#29 Mjukuu wa Kibosho

Dada Nesi, hata mimi niliandika tu kwa kuwa naikumbuka, sikuwaza. Nimekaa nikajaribu kuirudisha. Alitugusa kichwani mmoja mmoja. Alipomaliza alianza tena. Tulikuwa 7. Halafu alipopanda lori alishuka tena, akazunguka nyuma, akainama kuangalia chini ya gari, ndipo akapanda.

#30 Nesi Mawenzi

Sitaki kumsemea marehemu. Nasema tu kwamba nimekaa na wagonjwa wengi, na anayehesabu mara mbili ana sababu.

#31 Usukani Arusha

Au ni nidhamu ya jeshi. Baba yangu pia alikuwa anazunguka gari kabla ya kuwasha, kila siku, hata gari ikiwa uani kwake. Walifundishwa hivyo: tairi, mafuta, chini ya gari. Mimi mwenyewe nafanya. Tusiweke maiti mahali ambapo huenda hapakuwa na kitu.

#32 Mgambo wa 78

Kuzunguka gari ni mafunzo. Kuhesabu watoto kwa kuwagusa kichwani si mafunzo.

#33 Mwalimu Mstaafu

Malori ya Kabaw yalikuwa yakirudi na majeruhi. Gia ya nyuma, tope, usiku bila taa, na watu wamelala kando ya njia kwa uchovu. Nimefikiria hilo tu, sidai kujua.

#34 Kihamba Changu

Mimi bado nabaki na kihamba. Mtu mwenye ardhi yake angekuwa na mahali pa kusimulia. Laini hazina mahali pa kukaa na wajukuu jioni.

#35 Mjukuu wa Kibosho

Wakuu asanteni sana. Kuna mzee mmoja bado yuko hai Kibosho, ndiye alikuwa utingo wa ile Bedford. Jumamosi nakwenda na mama. Nitamuuliza babu alisema nini alipokuwa anapanda, kwa sababu nakumbuka midomo yake ilikuwa inacheza na sisi tulikuwa mbali.

Fundi Saa, swali dogo: nyota imeingia kutu ya kijani, tuisafishe na nini?

#36 Fundi Saa

Msiisafishe. Kitambaa kikavu tu, laini, na msiguse utepe. Msije mkaisugua kwa majivu na ndimu.

#37 Mjukuu wa Kibosho

Mama ameshaisugua jana jioni. Kwa majivu na ndimu. Inang'aa, ameiweka kwenye kabati la vyombo pembeni ya picha ya bibi.